Pengo Katika Nyota

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Nerima alichukua debe lake na kuteremka chemchemini. Zamani alikuwa akiteremka na Apolot, wakicheka njia nzima mpaka kina mama wakawakemea kwa kumwaga maji. Wote wawili walikuwa na miaka kumi na miwili, nyumba zao zilitenganishwa na shamba moja la pamba, na katika darasa la sita walikalia dawati moja. Lakini tangu mwezi wa nne wa mwaka ule wa 1976, Apolot alisubiri nyuma ya ua wa mkonge mpaka watu wa kwa mzee Josiah, baba yake Nerima, waondoke. Ndipo naye ateremke, peke yake.

Sababu ilikuwa kifo. Ignatius, kaka yake Nerima, na Ongodia, kaka yake Apolot, walikuwa marafiki tangu utotoni, na wakaandikwa kazi siku moja katika kikosi cha watu wanaoruka kutoka ndegeni kwa miavuli. Ignatius aliruka. Ongodia alikunja miavuli. Siku ya maonyesho makubwa, watu kumi na wawili waliruka pamoja ili washikane mikono angani na kufanya duara waliloliita nyota. Kumi na mmoja walifika chini salama. Mwavuli wa Ignatius haukufunguka.

Wachunguzi walikuta pini zinazoufunga mwavuli zimetoka nusu. Hawakuweza kusema kama Ignatius alishindwa kuvuta kishikio, au kama mwavuli ulikunjwa vibaya hata pini zikakwama. Ongodia akasimamishwa kazi. Alirudi nyumbani, akawa anatafuta vibarua vya kupakua mizigo kule Malaba, lakini hata huko maturniboi, wale wasaidizi wa madereva wa malori, walimjua.

“Angalieni, mkunja sanda amefika!” walimwita kutoka juu ya malori. “Boss, usimpe gunia, atalikunja!”

Ongodia alibeba gunia lake akapita.

Nyumbani, mzee Josiah alisema neno moja tu kila jina hilo lilipotajwa: “Huyo kijana aliniulia mtoto.” Na kila aliposema hivyo, Nerima aliacha kula. Alijua jambo ambalo hakuna mwingine aliyelijua.

Wiki moja kabla ya maonyesho, Ignatius alikuja nyumbani kwa likizo ya siku nne. Nerima alimsumbua tangu alipotua begi. Alitaka apakiwe kwenye baiskeli hadi Malaba, akaone malori yanayongoja kuvuka mpaka. Ignatius alimpakia. Walipokuwa wakirudi, lori moja liliwapita karibu sana, vumbi likawafunika, gurudumu la mbele likazama kwenye shimo. Nerima alitupwa kwenye nyasi. Ignatius aliangukia bega la kulia.

“Umeumia, kaka?” Nerima alilia.

“Kidogo tu. Nyamaza, watu watafikiri nimekuchapa.”

Lakini kesho yake asubuhi Nerima alimkuta nyuma ya jiko, kitana kikiwa katika mkono wa kushoto, jasho likimtoka ingawa jua lilikuwa bado halijapanda.

“Nichane nywele, mdogo wangu,” alisema. “Mkono huu umekataa kupanda.”

“Basi mwambie afande wako.”

“Nikimwambia ataniondoa. Tumeifanyia mazoezi nyota hii miezi minane, Nerima. Kila mtu ana nafasi yake. Nikitoka, patakuwa na pengo.” Alimtazama usoni. “Hili ni letu wawili. Umesikia?”

“Nimesikia.”

Asubuhi tatu alimchana nywele na kumkanda bega kwa maji ya chumvi. Naye Ignatius, kama kumlipa, alimsimulia habari za angani. Alisema kwamba mtu akiruka hahisi kuanguka. Hulalia upepo kwa tumbo, na upepo humbeba kama godoro. Alisema mwenzako akikujia polepole, akanyoosha mkono, nawe ukamshika kifundo cha mkono, mnaangaliana na kucheka bila kusikia kicheko chenyewe, na meno yanakauka. “Hakuna furaha kama hiyo,” alisema. “Siku moja utaona.”

Asubuhi ya nne aliondoka. Hakurudi tena akiwa hai.

Mwezi wa nane, barua ilifika kwa mwalimu mkuu. Kikosi cha Ignatius kingekuja kuruka juu ya uwanja wa shule, karibu na Kocholia, kumkumbuka mwenzao. Siku ya Jumamosi watu walijaa kutoka Malaba, na wengine wakafika kutoka mbali kama Butula. Mzee Josiah na mkewe, mama Selpha, waliwekewa viti mbele. Nerima aliketi chini miguuni pao. Mbali, nje ya ua wa uwanja, alimwona Ongodia amesimama na Apolot. Hakuna aliyewafukuza, na hakuna aliyewakaribisha.

Kiongozi wa warukaji alikuwa Sajenti Protus, mtu mfupi mwenye sauti nzito. Mvulana mmoja alimwuliza kwa nini hawakuchagua kuruka pale Malaba penyewe.

“Upepo ukikusukuma hapo,” sajenti alijibu, “utavuka mto na kutua Uganda bila pasi. Utawaambia nini askari? Kwamba ulikuwa unapita tu?”

Watoto wakacheka. Wakacheka zaidi mazoezi yalipoanza, maana kabla ya kupanda ndege watu wale wazima waliinama wakatandaza mikono, wakatembea kwenye nyasi hatua kwa hatua kama kuku wanaoota jua. Mmoja baada ya mwingine walikaribia, wakashikana vifundo vya mikono, duara likakua. Mahali pamoja waliacha nafasi ya mtu mmoja. Hakuna aliyehitaji kuuliza ilikuwa ya nani. Mama Selpha alijifunika uso kwa leso.

“Anayechelewa haingii kwa pupa,” sajenti alieleza. “Akija mbio atawagonga wenzake. Kama nafasi hakuifikia, abaki pembeni, salama. Na mimi nikipunga mikono hivi, kila mtu aachie, ageuze mgongo, aende mbali, ndipo afungue mwavuli.”

“Na kama nataka kuendelea kumshika rafiki yangu?” mvulana yule aliuliza.

“Miavuli yenu itajisokota pamoja, na mtauana. Huko juu, ukimpenda rafiki, unamwachia kwa wakati wake.”

Kisha aliwapanga mstari, akapita mbele ya kila mmoja na kuuliza neno moja.

“Mwili?”

“Mzima, afande.”

“Mwili?”

“Mzima, afande.”

Wa saba alisita. “Sikio la kushoto limeziba, afande. Nina mafua tangu jana.”

Nerima alingoja makelele, alingoja aibu. Lakini sajenti alimgusa mtu yule begani, akasema, “Haya, kaketi.” Mtu yule alienda kuketi kwenye nyasi, mwenzake akamrushia ndizi. Basi. Ilikuwa imekwisha.

Mtoto mmoja alicheka. Sajenti aligeuka. “Nani anacheka? Huyu ataruka mwezi ujao akiwa na masikio yote mawili.”

Machozi yalimjaa Nerima. Kumbe ilikuwa rahisi hivyo! Ignatius angeweza kuketi kwenye nyasi na kula ndizi. Aligeuka akamtazama Ongodia nje ya ua, mabega yake mapana yameinama kama ya mzee. Akajua kwamba asiposema leo, mtu yule atainama hivyo maisha yake yote.

Alisimama.

“Afande, siku ile Ignatius naye mlimwuliza?”

“Tuliwauliza wote, binti yangu.”

“Alisema nini?”

“Alisema, mzima.”

“Hakuwa mzima.” Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini uwanja ulikuwa umenyamaza. “Alianguka na baiskeli. Mimi ndiye niliyemsumbua anipakie. Mkono wake wa kulia ulikuwa haupandi.”

“Nerima!” Mzee Josiah alisimama. “Chunga mdomo wako. Unamwaibisha ndugu yako, naye yuko kaburini?”

Nerima alimwogopa baba yake kuliko mtu yeyote duniani. Alitaka kuketi. Hakuketi.

“Baba, ni mimi niliyekuwa nikimchana nywele. Aliniambia nisiseme, nami nikanyamaza. Ongodia hana kosa.”

Sajenti alipiga magoti mbele yake. “Nionyeshe mkono wake ulifika wapi.”

Nerima aliinua mkono wa kulia mpaka usawa wa kifua, akauacha hapo.

Sajenti aliinuka. “Katika nyota,” alisema, akimwelekea mzee Josiah, “mikono huvutwa na wenzako huku na huku, na upepo husukuma kwa nguvu. Bega lililoumia huteguka. Mzee, mimi nilikuwa mkabala naye. Nilipopunga mikono, aliachia kama wengine, akageuka. Niliona anajishika kifuani mara mbili, mara tatu. Kishikio kiko kulia. Alikivuta, lakini nguvu hakuwa nazo, ndiyo maana pini zilitoka nusu. Miezi minne nimejiuliza. Sasa nimejua.”

Mzee Josiah alianguka kwenye kiti, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi watu walimwona akilia kwa sauti.

Sajenti aliwaendea watu wake. Walidhani atawaamuru waingie kwenye gari liwapeleke kwenye ndege. Badala yake alisimama mbele yao, akavua kofia.

“Hamjaniuliza mimi,” alisema.

Mmoja wao aliuliza polepole, “Mwili, afande?”

“Mwili mzima. Lakini macho yana maji na akili haiko hapa. Siruki leo. Rukeni bila mimi.” Akamgusa aliyeuliza. “Wewe utapunga mikono.”

Kwa hiyo waliruka watu tisa. Ndege ilizunguka juu sana, ndogo kama nyuki, kisha vitone vikatoka. Vilikaribiana taratibu, kimoja kikangoja pembeni mpaka kilipoona nafasi, vikashikana. Watoto walihesabu kwa sauti. Nyota ilikuwa na mapengo matatu, na bado ilikuwa nzuri. Ilining'inia pale juu ya mashamba ya pamba kwa muda wa kuvuta pumzi chache. Nerima alijua kwamba huko juu walikuwa wakicheka na meno yao yamekauka. Kisha wote wakaachiana, wakasambaa kama mbegu, na miavuli ikafunguka mmoja mmoja. Mama Selpha aliihesabu kwa kidole. Alipofika wa tisa akashusha pumzi.

Kabla warukaji hawajamaliza kukusanya miavuli, mzee Josiah aliinuka. Alitembea polepole na fimbo yake mpaka kwenye ua, mahali alipokuwa Ongodia. Watu walimpisha.

“Yoga noi,” alisema. Ilikuwa salamu ya Kiteso, ambayo zamani aliwasalimia nayo majirani zake kila siku, na ambayo hakuwa ameitamka kwa miezi minne.

Mzee alimshika Ongodia mkono, akamwingiza uwanjani, akamketisha kwenye kiti chake mwenyewe. Sajenti alimwambia, “Jumatatu nitakwenda na maneno ya mtoto huyu kwa wakubwa. Meza yako ya kukunjia miavuli inakungoja.” Ongodia alitikisa kichwa kukubali, lakini hakutabasamu. Rafiki yake hakuwa anarudi.

Jioni, Nerima alimkuta mama yake nyuma ya jiko, ameshika kile kitana.

“Nilikuona ukimchana,” mama Selpha alisema. “Nikafikiri ni mapenzi ya ndugu tu.”

“Yalikuwa mapenzi, mama.”

“Najua.” Alimvuta karibu. “Si wewe uliyemwua, wala si baiskeli. Hilo usilibebe. Lakini sikiliza. Mtu akikupenda akakuambia ufiche maumivu yake, usikubali. Mwache akasirike. Angekasirika wiki nzima, angenuna, na leo angekuwa hapa anatuchosha kwa maneno yake. Na wewe ukiumia, sema siku hiyo hiyo, hata kama watu wanakutegemea. Wanaokutegemea ndio wanaopaswa kujua kwanza.”

“Nitasema, mama.”

Asubuhi iliyofuata Nerima alichukua debe lake. Hakuteremka moja kwa moja. Alisimama kwenye ua wa mkonge akangoja, mpaka Apolot alipotokeza. Walitazamana. Kisha wakateremka pamoja chemchemini, na siku hiyo hakuna aliyemwaga maji.