Anayemwaga Supu

Bakuli lilikuwa tupu, na nyumbani hapakuwa na mtu wa kulimaliza.

Bibi Khim alikuwa ametoka kidogo tu, kwenda kununua tofu. Supu aliipika tangu asubuhi, ya kuku mweusi na mizizi ya kuongeza damu, akaimimina bakulini, akaifunika kwa sahani. Aliporudi sahani ilikuwa palepale. Chini yake, pakavu. Ila sinki lilikuwa jeusi mpaka kwenye tundu, na jiko zima lilinuka nywele zilizolowa.

"Yun-chieh! Wewe mtoto, umekunywa supu?"

Mjukuu mwenyewe alikuwa shuleni. Bibi akajiambia labda kaimwaga yeye akasahau, maana ukifika miaka sabini na tisa unasahau mengi. Akapika nyingine. Nayo ikaenda na maji kesho yake, na ya kesho kutwa vilevile.

Yun-chieh alikuwa na miaka kumi na mitatu, na hiyo ilikuwa siku yake ya kumi na nane kutokwa na damu. Siyo ile ya wenzake, ya siku tano na kunung'unika. Huyu alibadilisha pedi kila saa, darasani alikalia sweta lake, midomo imempauka. Mama yake, Su-chuan, alikuwa akitumbua samaki kiwandani zamu mbili kwa siku, na mumewe, mtoto wa Bibi Khim, yuko bandarini Kaohsiung kwenye kazi za meli. Alimtazama mtoto siku moja akaona anamwishia mikononi. Akaomba ruhusa, akampeleka mjini Chiayi kwa daktari wa wanawake. Bibi akajipachika kwenye safari bila kualikwa.

"Katikati ya matumbo yote haya!" alinong'ona pale kwenye viti vya kusubiria, amejifunika uso kwa mwavuli. "Watu watasema mtoto ana mimba."

"Waseme, Mama. Mimi nimechoka."

Daktari Kao alikuwa mwanamke mfupi mwenye macho ya kukosa usingizi. Kile kiti cha kupimia wanawake walichokuwa wakikiogopa hakukigusa. Alipitisha kipimo juu ya tumbo la Yun-chieh, akamtoa damu mkononi, akamwambia hana kosa lolote la kumwonea mtu haya. Kisha akauliza, "Katika ukoo, yupo mwanamke mwingine aliyewahi kutokwa na damu namna hii? Bibi, upande wenu?"

"Hakuna," alisema Bibi Khim, upesi mno.

Wakaandikiwa vidonge, na supu ya mizizi ikapigwa marufuku mpaka damu ikatike, kwa kuwa inazidisha. Bibi alipojua kwamba ni vidonge vilevile wanavyomeza wanawake wasiotaka kuzaa, alikaribia kuzimia. Mtoto hajaolewa! Akavitia mfukoni mwa aproni yake, mtoto asivione tena. Su-chuan alidhani vinamezwa. Harufu ya supu aliisikia kila aliporudi hoi na magamba ya samaki kwenye nyusi, lakini ugomvi nao unataka nguvu, na yeye nguvu alikuwa amezimaliza kiwandani.

Mchana mmoja Yun-chieh hakwenda shule, miguu ilikataa. Akaja kukaa karibu na bibi yake.

"Bibi, yule dada ni nani?"

"Dada gani?"

"Shh, atasikia. Wa jikoni. Nywele zake zimekatwa usawa wa masikio, kama wanafunzi wa picha za zamani. Sketi imemlowa nyuma. Nikiletewa bakuli anatikisa kichwa, hivi."

 Bibi Khim akanyanyuka, akaenda mpaka mlango wa jiko, na palepale, mchana kweupe, majirani wakisikika wakicheka nje, akasikia mwiko ukikwaruza chungu polepole, kama anavyokwaruza mtu asiye na haraka, na maji yakigugumia sinkini, na nyayo tupu zilizolowa zikija upande wake, moja, ya pili, ya tatu, zikisimama nyuma ya ubao wa mlango karibu kabisa na uso wake, na pumzi, toba, pumzi ya mtu aliyechoka mno, ikipita kwenye upenyo na kumgusa shavuni, nayo haikuwa na joto lolote.

Hakufungua. Alikwenda mbio kumwita mganga wa hekalu.

Mganga alifika na kilemba chake chekundu, pembe la nyati na mjeledi wenye kichwa cha nyoka. Naye alikuwa hoi, hiyo ikiwa nyumba yake ya nne siku ile.

"Kabla sijaanza, mama. Nyumba hii imewahi kufiwa na binti ambaye hajaolewa? Maana yule hana nafasi kwenye madhabahu ya wazazi wake, hutangatanga. Akiwa wa kwenu hafukuzwi, anatafutiwa pa kukaa."

Bibi Khim alitazama sakafu. "Hakuna. Ni jini tu la njiani, linamnyonya mjukuu wangu."

Mjeledi ukalia. Mara ya tatu kitu kikapiga yowe ndani ya sinki, sauti nyembamba ya msichana, kisha kimya.

Kuanzia hapo hakuna aliyemwaga supu. Yun-chieh alikunywa bakuli mbili kwa siku, siku tatu nzima. Ya nne alianguka bafuni, na sakafu ikawa nyekundu mpaka mlangoni.

Hospitalini walimtundikia damu. Daktari Kao aliuliza kuhusu vidonge. Su-chuan akajibu ndiyo, anameza. Ndipo Bibi Khim akatoa boksi kwenye aproni, halijafunguliwa. Su-chuan hakupiga kelele. Alikaa chini sakafuni na sare yake ya kiwandani, akasema "Mama" basi, na kulia hakuweza.

"Bibi," daktari alisema taratibu, "naomba ufikiri vizuri. Hakuna hata mmoja?"

 Kizee kilikuwa kinaona haya, na haya yenyewe ilikuwa na umri wa miaka arobaini na tano.

"Alikuwepo. Binti yangu, Bi-hsia. Kumi na mitano. Niliogopa kumpeleka kwa daktari wa wanawake, watu wangesemaje? Nikampikia supu. Nilimpikia mpaka siku aliyoshindwa kumeza."

Daktari alikuwa ameshasimama. "Basi ni ugonjwa wa ukoo, damu yao haigandi upesi. Dawa yake ipo." Akatoka mbio.

Yun-chieh alifumbua jicho. "Bibi," akanong'ona, "yule dada amerudi."

"Yuko wapi?"

"Umempakata."

Bibi Khim hakutazama chini. Mapaja yake yalikuwa yamelowa na kuwa baridi, na uzito uliokuwa juu yake ulikuwa wa msichana mkubwa.