Mama wa "Hayupo"

Habari hii nilisimuliwa na jirani yangu, fundi cherehani, wakati wa mvua za mwaka jana, siku aliyokuja kunipima gauni. Alikuwa na pini mdomoni na utepe wa kupimia shingoni, na bado maneno yalimtoka vizuri tu. Ni habari ya binti yake, ambaye mtaa mzima tunamwita Kifungo, kwa sababu ana umbo dogo na amekulia chini ya meza ya cherehani.

Kifungo alikuwa darasa la sita. Kila siku akitoka shule alipitia ofisi ya shirika moja la kusaidia watoto. Hapo palikuwa na chumba cha kusomea, chenye rafu za vitabu na feni iliyokoroma kama babu aliyeshiba. Alisoma mpaka jua lipungue, kisha akarudi nyumbani kuinjika sufuria kabla mama yake hajafunga kazi. Alifuatana na rafiki yake wa darasa moja, aliyeitwa Redio kwa kuwa mdomo wake haukuwa na kitufe cha kuuzima.

Mwaka huo alifika ofisini dada mmoja kutoka nchi ya mbali. Alikuja kujitolea kama afisa mawasiliano. Yaani hakulipwa mshahara, na kazi yake ilikuwa kupiga picha za watoto na kuandika habari zao, ili watu wa kwao wajue shirika linafanya nini, wachangie. Kiswahili alikisoma darasani, nacho kilikuwa kimenyooka kama shati lililotoka kupigwa pasi. Watoto wakisukumana mlangoni, yeye husema, "Tafadhali, naomba mstahimiliane." Basi wakambandika jina la Dada Sanifu. Alipolisikia alicheka, akaliandika kwenye kikombe chake cha chai.

Jumamosi moja Dada Sanifu alipita mitaani kuwatembelea watoto majumbani. Mama yake Kifungo alikuwa ameondoka asubuhi kwenda sokoni kununua vitambaa. Kifungo alikaa kizingitini akikata vitunguu. Vilikuwa vikali hasa, machozi yanamchuruzika mpaka kidevuni.

"Mama yako yuko wapi?" aliuliza Dada Sanifu.

"Mama hayupo," alijibu Kifungo, akifuta pua kwa kiwiko.

Sasa neno hilo tunalisema kwa mtu aliyetoka kidogo kwenda dukani. Tena tunalisema kwa mtu ambaye hatarudi kamwe, tunapoona uchungu kutaja kifo. Dada Sanifu alikuwa amejifunza maana hiyo ya pili wiki ileile, na mtu akipata neno jipya hulitafutia pa kulitumia. Aliyatazama yale machozi, akachuchumaa.

"Pole sana. Je, unamkumbuka?"

Kifungo alishangaa. Mtu kaondoka asubuhi, utamsahauje? "Namkumbuka," alisema kwa adabu.

"Na nani hukupikia chakula?"

"Napika mwenyewe."

Dada Sanifu akampiga picha, akaenda zake akipangusa macho, wala hakuwa amekata kitunguu chochote.

Mpaka hapo hakuna wa kulaumiwa. Lawama ilianza Jumatatu, Dada Sanifu alipomwita Kifungo mezani kwake na kumsomea alichoandika. "Msichana huyu hana mama. Hujipikia mwenyewe, na machozi humtoka kila anapomkumbuka marehemu." Alishusha karatasi. "Je, sarufi yangu ni sawa?"

Kifungo alifungua mdomo. Alielewa palepale kosa lilipotokea, na neno moja tu lingetosha kulitengeneza. Lakini juu ya meza palikuwa na mkoba mpya wa buluu, wenye zipu mbele na mfuko wa chupa ya maji ubavuni. Mkoba wake yeye ulishonwa na mama kwa vipande vilivyobaki kwenye nguo za wateja, na shuleni walimwuliza kila siku kama ameubeba au ameuvaa.

"Huu ni wako," alisema Dada Sanifu.

"Sarufi ni sawa," alisema Kifungo.

Nyumbani alimwambia mama kuwa mkoba ameupata ofisini. Mama alifurahi, akaugeuza ndani nje kuangalia mshono. Redio ndiye aliyekuwa na maswali. Alimwandama njia nzima, "Mbona mimi sikupewa? Kwani wewe unasoma zaidi yangu?" mpaka Kifungo akamnong'oneza ukweli.

Redio alinyamaza, jambo ambalo halijapata kutokea. Kisha akasema, "Yaani umemzika mama yako ukapewa begi?"

"Sikusema mimi. Amesema yeye."

"Na wewe ukasema nini?"

"Nikasema sarufi ni sawa."

"We Kifungo," alisema Redio, akatikisa kichwa. "Mimi nina mdomo mrefu, lakini huo wako mfupi umenipita."

Kumbe mambo yalikuwa bado. Jumamosi ya wiki hiyo ofisi ilitarajia wageni, na mkuu wa ofisi, asiyejua kuwa fundi huyo ndiye mama yake Kifungo, alimpa kazi ya kushona mapazia ya ukumbi. Kazi hiyo ilikuwa ya kuyashona na kwenda kuyatundika mwenyewe. Katika ukumbi huohuo lingewekwa bango kubwa lenye picha ya Kifungo na maneno yale, na jioni yake habari ingetumwa ng'ambo. Tangu Kifungo aliposikia hivyo, kila akifumba macho alimwona mama amepanda ngazi, pazia mkononi, anasoma ukutani kwamba amekufa.

Ijumaa jioni mama alikuwa akimalizia pindo la mwisho. "Kesho twende wote," alisema. "Nataka kumshukuru yule dada kwa mkoba. Mwenzetu kaacha kwao kuja kuhangaikia watoto wa watu. Nimemshonea kitambaa cha meza."

Kitambaa hicho kilikuwa na maua pembeni, mshono mdogo mdogo wa subira. Kifungo alikitazama, akashindwa kuendelea kuficha.

"Mama, mtu akisema fulani hayupo, si inaweza kuwa ametoka tu?"

"Inaweza."

"Na inaweza kuwa amekufa?"

Mguu wa mama ulisimama juu ya pedali. "Kuna nini, Kifungo?"

Akayatoa yote: vitunguu, picha, karatasi, mkoba. Mama alivua miwani, akaiweka juu ya mapazia.

"Kwa hiyo hapa anashona marehemu," alisema.

Kifungo nusura acheke, lakini sauti ya mama ilikuwa nyembamba kuliko kawaida yake. "Nisamehe, mama."

"Vitunguu nimesamehe. Neno pia nimesamehe, hukujua limeingiaje kichwani mwake. Lakini alipokusomea ukasikia, na mimi niko hai, ukaninyamazia. Hapo ndipo paliponiuma." Mama alivaa miwani tena. "Kesho utasema mwenyewe. Mimi nitasimama nyuma yako."

Asubuhi walikwenda, mama na mapazia begani, Kifungo na mkoba wa buluu mikononi, hakutaka hata kuuvaa. Ukumbini bango lilikuwa limeshatundikwa. Dada Sanifu alikuwa juu ya ngazi akilinyoosha, na mkuu wa ofisi alikuwa chini akimshikia.

"Karibuni. Kifungo, umekuja na nani?" aliuliza Dada Sanifu.

Kifungo alitaka kugeuka, akagongana na tumbo la mama. "Dada, huyu ni mama yangu. Yule wa 'hayupo'. Hakufa, alikwenda sokoni. Na mimi nilikuwa nakata vitunguu. Uliponisomea nilijua si kweli, nikanyamaza kwa sababu ya mkoba." Akauweka sakafuni.

Dada Sanifu alishuka taratibu, akaketi kwenye kidato cha chini cha ngazi. "Nimemwua mama wa mtu," alisema, na siku hiyo Kiswahili chake hakikuwa na pasi hata kidogo.

"Usijali, mdogo wangu, nimefufuka," alisema mama.

Mkuu wa ofisi alitazama saa. "Wageni wako njiani. Na kusema kweli, picha ya machozi ndiyo inayogusa watu."

"Basi mzee, nikuletee vitunguu," alisema mama. "Kila mgeni akate chake mlangoni."

Mkuu alijikaza, akashindwa, akacheka. Lakini Dada Sanifu hakucheka. Alipanda tena ngazi, akalifungua bango upande mmoja.

"Mzee, siwezi kuituma," alisema. "Hata kama mtanirudisha kwetu. Watu wanaosoma habari zangu hawajawahi kufika hapa. Wananiamini mimi tu. Wakigundua uongo mmoja, na watoto ambao kweli hawana mama hawatasadikiwa."

Mkuu alikwenda upande wa pili, akalifungua bango mwenyewe.

"Harudishwi mtu," alisema. "Ila nisikilizeni, na mimi nikiwemo. Wewe dada hukujua, na hukuuliza mara ya pili. Mimi niliyapenda machozi kuliko ukweli. Na wewe Kifungo ulijua, ukanyamaza kwa faida yako. Kunyamaza kwa namna hiyo ni kusema uongo mdomo ukiwa umefungwa. Leo umeufungua, tena mbele ya watu wazima, na hilo si jambo dogo. Kuanzia sasa habari ya mtoto yeyote itasomwa mbele yake na mbele ya mlezi wake kabla haijatoka mlango huu."

Wakayatundika mapazia wote pamoja. Mama alikuwa juu na kulabu mdomoni, Kifungo akishika ngazi, Redio akachungulia dirishani na kuuliza kama marehemu anahitaji msaada. Wote wakaangua kicheko, na Dada Sanifu akapiga picha hapohapo. Habari mpya aliwasomea mama na binti mezani kwake, palipokwisha tandikwa kile kitambaa cha maua: "Msichana huyu ana mama fundi. Husoma katika chumba chetu cha vitabu, kwa sababu nyumbani meza ni ya cherehani."

"Baada ya 'fundi' tia 'hodari'," alisema mama.

Akatia.

Mkoba wa buluu alipewa mtoto aliyekuwa akibeba madaftari yake katika mfuko wa plastiki. Kifungo alirudia ule wa vipande, na walipomwuliza shuleni kama ameuvaa, alijibu kwamba ameshonewa na mama yake, aliye hai.

Usiku wa siku ile ya wageni, mama alizima taa mapema.

"Mama, upo?" aliuliza Kifungo gizani.

"Nipo."

Akakaa kidogo. "Mama, upo?"

"Nipo, mwanangu. Lala."

Mara ya tatu hakujibiwa. Alisikia mkoromo tu, wa polepole, kama cherehani inayomalizia pindo. Kifungo akavuta shuka, akageukia ukutani, akalala.