Kiti cha Pembeni

Gari la marehemu mpima ardhi lililetwa gereji na mjane wake, mchana kweupe.

"Kila nikikata kona linagoma, shemeji," alisema. "Kama kuna mtu anavutia kwake."

Fundi, aliyekuwa rafiki wa marehemu, alimjibu bila kumtazama usoni. Kwenye kona, magurudumu ya mbele hupita njia ndefu kuliko ya nyuma. Yakivuta yote manne kwenye tope, hakuna neno, yanateleza. Kwenye lami kavu yanagombana, gari linakakamaa.

"Gia ndogo, ile ya kuunganisha magurudumu ya mbele, itakuwa imenasa kwenye manne. Njoo jioni."

Haikuwa imenasa. Loki za mbele, zinazofunga magurudumu yapate kuvuta, nazo zilikuwa wazi. Basi akafungua propela, ile shafti inayopeleka nguvu mbele, akailaza sakafuni. Sasa yangevuta ya nyuma tu, yatake yasitake.

Alilizungusha uani. Kwenye kona usukani ukawa mzito, matairi ya mbele yakalia, yakivuta. Fundi alichungulia dirishani: propela ilikuwa palepale sakafuni. Kabla hajakanyaga breki harufu ya tope bichi ikapanda kutoka chini ya viti, ikamjaa puani, ikamjaa kooni, na kutoka kiti cha pembeni, ambacho kilikuwa kitupu, ikatoka sauti anayoijua, sauti ya mtu aliyeita mpaka akachoka:

"Fundi, la mbele halishiki."

Alitoka mbio, mguu mmoja hauna kiatu.

Alimwita jirani yake, mama mtu mzima anayepunga mashetani. Mama huyo alilizunguka gari mara moja tu, akakifukizia ubani kile kiti. Moshi ukakataa kuingia.

"Mwanangu, huyu si jini wa njiani," alinong'ona. "Ni mwenyewe. Hafukuzwi, anasubiri neno. Unalo?"

Jioni mjane alirudi. Fundi alimwendea.

"Shemeji, kabla ya ile safari aliniambia gurudumu la mbele halishiki. Loki ilikuwa imelika. Nilikuwa na haraka, nikaigonga nyundo, nikamwambia itakufikisha." Alinyoosha kidole kwenye gurudumu la mbele. "Alikwama kwenye bonde, ya nyuma yanazunguka bure, ya mbele yamelala, maji yanakuja. Nimelijua hilo tangu siku ya maziko. Nikanyamaza."

Mlango wa pembeni ukafunguka wenyewe, taratibu, kisha ukafungwa kwa adabu, kama afanyavyo baba anayewahi kazini alfajiri na hataki kuamsha watoto. Ubani ukaingia ndani.

Mjane alipanda, akaliendesha mpaka kwenye kona ya uani. Lilikata bila kelele, jepesi kabisa. Akalizima. Alikaa muda mrefu, mkono wake umelala juu ya kiti cha pembeni, akikipapasa kama anatafuta joto.

"Ameondoka?" aliuliza.

"Ameondoka, shemeji."

"Nilikuwa namsikia akipumua. Kila siku, kutoka kazini mpaka nyumbani. Nilikuletea gari urekebishe kona. Nani alikwambia umtoe?"

Fundi alishika mlango wa gari.

"Umeninyang'anya mara mbili," alisema mjane, akawasha gari, akaenda zake peke yake.