Aliyefuta Mzio wa Hawah

Hawah alikufa saa nne asubuhi katika kliniki moja ya Koboko, muda mfupi baada ya kudungwa penisilini. Kompyuta ilionyesha hana mzio wa dawa yoyote. Muuguzi Jenifer aliapa kwamba aliuandika humo mzio wa Hawah wa penisilini kwa mkono wake.

Adhuhuri polisi walimkamata Swaib, mwandishi wa programu ya kliniki. Dada yake Latifah, aliyefanya kazi hiyohiyo Arua, alifika kituoni roho mkononi. Alimkuta Afande Adriko akimhoji Akram, mwajiri wa Swaib.

"Sehemu ya mzio iko na alama ya protected," Akram alisema. "Klasi ya Mgonjwa, yaani kile kipande cha programu cha kutunza wagonjwa, na klasi zinazorithi kwake tu ndiyo inaweza kuigusa. Zote aliandika Swaib. Mimi nilitengeneza ripoti ya kuonyesha wageni waliokuja kukagua kliniki tu."

Swaib alishika nondo za mahabusu. "Dada, mimi hapana futa. Mama iko anajua?"

"Anajua. Iko analia."

Latifah alikaa benchini, akafungua kompyuta yake na kusoma kanuni rasmi za Java, lugha ya kompyuta iliyotumika kuandika programu ile. Alisoma mara ya pili. Protected haikuwafungulia warithi peke yao. Iliifungulia pia kila klasi iliyowekwa katika kifurushi kimoja, yaani folda moja, na Mgonjwa. Alijaribu kwa Mgonjwa wa mfano: akaandika klasi isiyorithi chochote, akaiweka humo. Ikabadilisha mzio bila kuzuiwa.

Alifungua nakala ya programu ambayo polisi walikuwa wameichukua kliniki. Ndani ya kifurushi cha Swaib kulikuwa na klasi ya ziada, Ripoti. Alimwita Adriko wasome pamoja: kwa kila mgonjwa, mzio uwe "hakuna", kisha hifadhi.

"Akram," Adriko alisema, "hii ripoti si ni yako?"

Akram alijifuta jasho. "Ilikuwa inakwama kwa yale maandishi ya mzio, afande. Wageni walikuwa wamefika. Nilisema nitarudisha kesho yake, halafu sikurudisha."

"Na Hawah alipokufa?"

"Niliogopa. Nikataja Swaib."

Latifah alisimama ghafla. "Ulifuta mzio wa wagonjwa wangapi?"

Akram hakuinua uso. "Wote."

Adriko alipiga simu kliniki, haikupokelewa. Latifah alikuwa ameshatoka, akikimbia kuelekea kliniki katika jua kali, akiliita jina la Jenifer, akimsihi asimdunge mtu yeyote sindano.