Nilienda Kwenye Usaili wa Kahawa na Kucha za Bandia

Wasomaji wenzangu, nina miaka ishirini na nne, nimesoma hadi kidato cha nne, na nina mtoto mmoja wa kike ambaye hivi ninavyoandika haishi na mimi. Naandika nikiwa na hasira. Na nimechoka. Mtanisamehe maneno yakiwa makali.

Nimezaliwa Nyaishozi, kwenye migomba na kahawa. Kabla sijajua kusoma nilishajua maganda, ile kahawa tunayoanika bila kuimenya. Nikiyatikisa sikioni na kung'ata moja, nakwambia kama yamekauka au bado yanataka jua la siku mbili. Wanunuzi walikuwa wanamtania mama, "Tukija kesho, huyu binti mtume kisimani!" Walijua nikiwepo hawatudanganyi.

Niliolewa Chonyonyo. Mume wangu akaenda Kyerwa kwenye machimbo, akasema atarudi Pasaka. Pasaka gani? Alioa huko huko! Mama mkwe akaniambia nyumba anaihitaji. Nilipofungasha nirudi kwetu, akanizuilia mtoto. Akasema mbele ya wazee wa ukoo, "Huna kazi, huna chumba. Siku ukipata kazi ya kueleweka, njoo umchukue mjukuu wangu. Sitakuzuia."

Aneti wangu alikuwa na mwaka mmoja na nusu...

Basi kazi ikatokea. Chama kimoja cha ushirika kilitaka mpokeaji wa kahawa, mtu wa kukagua ubora kabla mzigo haujaingia ghalani. Nani angenishinda mimi? Nilisoma lile tangazo ubaoni mpaka nikalikariri. Mwishoni waliandika: awe nadhifu na mwenye mwonekano mzuri.

Mstari huo ndio ulioniua.

Nilikuwa na rafiki, Jenitha, tuliyekaa naye dawati moja sekondari. Ana saluni pale senta. Nilimwonyesha vidole vyangu, vyeusi kwa utomvu wa ndizi, kucha zimekatika. Akacheka.

"Shoga, hivyo vidole ukivipeleka kwa mabosi watakutuma jikoni ukawamenyee ndizi! Kazi unaijua, sawa. Tatizo ni wewe unavyoonekana."

Akasema atanitengeneza bure. Wigi, kope, kucha, kila kitu. Alichotaka ni kimoja tu, tupige stori za kahawa akiwa ananishughulikia, eti na yeye asiwe mshamba wa kahawa wakati amezaliwa Karagwe. Nami mjinga nikaeleza! Wiki mbili nzima! Hata maganda nilimpelekea kwenye mfuko, makavu na mabichi, nikamfundisha kuyang'ata. Makavu yanavunjika, mabichi yanabonyea. Nilimfundisha na kunusa ukungu. Nilifurahi kuona anashika haraka... Mnanicheka? Nichekeni tu.

Siku ya usaili nilipakwa marashi hadi mwendesha bodaboda akapiga chafya. Kucha zilikuwa ndefu, nyekundu, zimegandishwa kwa gundi.

Nafika pale, nani yuko kwenye benchi? Jenitha! Kitenge cha shambani, kilemba, mabuti ya mpira, na mikono myeusi ti! Mwanamke ambaye hata ndizi za kula anamenyewa na mdogo wake! Alikuwa amejipaka utomvu makusudi.

Nilidhani amekuja kunisindikiza. Nikamkumbatia kabisa.

"Umekuja kunitia moyo?"

Akatazama pembeni. "Na mimi nimeona nijaribu bahati."

Kabla sijamjibu, nikaitwa ndani.

Walikuwa watatu. Mwenyekiti, mzee mmoja mcheshi, karani wake, na mama mmoja mtaalamu wa ubora. Nilisema shikamoo. Mwenyekiti akanitazama kuanzia wigi hadi viatu.

"Marahaba, binti. Lakini kicheni pati haiko hapa!"

Wakacheka. Mama yule hakucheka. Aliniuliza kwa upole, "Kahawa umejifunzia wapi?"

Wasomaji wangu, hapa ndipo ninapojichukia. Kama ningesema, "Kwenye uwanja wa mama yangu wa kuanikia," nadhani yangeisha. Lakini na wigi lile kichwani niliona aibu kutaja mkeka na uwanja. Nikasema nilisoma kozi Bukoba. Akaomba cheti. Ningekitoa wapi?

Wakaniletea masinia mawili ya maganda. Jamani, na zile kucha! Ganda likanitoka, likabingirika chini ya meza. Nikaokota lingine, nikang'ata, nikasikia ladha ya rangi ya mdomo. Nikanusa, nikasikia marashi yangu mwenyewe.

"Binti, tafadhali sogea dirishani," mama yule akasema. "Marashi yako yanatuharibia sampuli."

Nikashika sinia la mabichi nikasema ndiyo makavu. Mimi! Binti wa kutumwa kisimani!

Jenitha aliingia baada yangu. Sikusikia akiulizwa mengi. Nilichosikia kupitia dirisha ni sauti ya mwenyekiti, "Haya sasa, huyu ndiye mkulima. Hebu tazameni mikono!"

Mnaona? Mimi nilihukumiwa kwa kucha, yeye akapitishwa kwa utomvu wa kujipaka. Uwezo wa nani ulipimwa pale?

Nilimfuata saluni kesho yake, nikamuuliza kwa nini. Hakuomba hata msamaha.

"Nilikushika kwa nguvu? Si ulikaa mwenyewe kwenye kiti, ukasema ongeza rangi?"

Kinachoniuma zaidi ni kwamba hapo hakudanganya.

Msimu ulipoanza akanitumia ujumbe, eti niende nimsaidie kuonja, mzigo umemzidi. Nilimjibu kwamba mimi ni mtu wa kicheni pati. Nikazima simu, nikalia.

Mwezi uliopita nilikwenda Chonyonyo. Aneti amekua, anakimbia. Nilichuchumaa nikafungua mikono. Akasimama, akanitazama, akarudi nyuma ya gauni la bibi yake.

"Aneti, msalimie mgeni," mama mkwe akasema.

Mwanangu akaweka mkono kichwani, akasema vizuri kabisa, "Shikamoo."

Nilisema marahaba. Ningesema nini?

Dada zangu mnaosoma hapa, nawaomba. Oga, vaa nguo safi, inatosha. Usiende ukiwa mtu mwingine, maana ukiulizwa swali, huyo mwingine hana jibu. Kama ulijifunzia shambani, sema shambani, kwa sauti! Na usimkabidhi rafiki kazi yako yote iliyo kichwani kwa sababu tu anakusuka bure.

Nanyi mnaoajiri, mpeni mtu gunia alikague kwanza. Sura na mikono mtaviangalia baadaye, kama bado mtakuwa na haja navyo.

Mimi nimebaki hapa Nyaishozi naanika kahawa za watu. Nimesikia kuna chama upande wa Kyerwa kitatafuta mpokeaji msimu ujao. Nitaomba. Sijui kama watanichukua. Mpaka wakati huo Aneti atakuwa anaongea kila kitu... na sijui mimi atakuwa ananiita nani.