Kasi ya Kuazima

Kila siku akitoka shuleni, Nyundo alivua sare, akamaliza hesabu za mwalimu, kisha akafagia vipande vya chuma kwenye karakana ya shangazi yake. Shangazi alikuwa fundi wa kuchomelea mageti na madirisha. Jioni, akishazima mashine yake, karakana iligeuka ukumbi wa mazoezi wa bendi ya Cheche, na majirani wakaanza kufunga madirisha.

Bendi yenyewe ilikuwa ya watu wanne. Kaka yake Nyundo alipiga gitaa, na rafiki yake aliyeitwa Twiga kwa urefu wake akapiga gitaa la besi. Mwimbaji walimwita Bubu, kwa kuwa mchana kutwa hakufungua kinywa, ila akishika kipaza sauti alinguruma hadi mabati yakatetemeka. Nyundo, msichana wa miaka kumi na mitatu, ndiye aliyepiga ngoma. Muziki wao ulikuwa hevi metali, wenye magitaa mazito na ngoma zinazokwenda mbio. Hawakuwa na meneja wala kampuni. Walijirekodi wenyewe kwenye kompyuta ya kaka, na nyimbo wakaziweka mtandaoni wenyewe.

Wimbo wao mpya ulitia fora. Vijana waliusikiliza mitaani, na kilichowashangaza zaidi ni ngoma za mwisho. "Huyu mpigaji ana mikono mingapi?" waliulizana. Kisha mwenye ukumbi mkubwa wa mjini akawaalika wapige Jumamosi. Kaka aliruka juu kwa furaha nusura avunje taa.

Nyundo peke yake hakufurahi. Mezani vidole vyake havikutulia, chakula kikapoa. Kitandani alijigeuza huku na huku.

Sababu aliijua mwenyewe. Siku ya kurekodi, ngoma zilitangulia kurekodiwa peke yake, na kaka alimwachia kazi hiyo akaenda kununua nyuzi za gitaa. Nyundo alijaribu sehemu ya mwisho hadi jasho likamtoka, lakini mikono ilichoka, na miguu ikakataa kukimbiza pedali ya ngoma kubwa. Basi akaifungua kompyuta, akaongeza kasi ya rekodi yake kidogo, kisha kidogo tena. Kaka aliporudi akasikiliza, alimnyanyua juu juu. "Mdogo wangu, wewe si mtu wa kawaida!" Nyundo alitaka kusema ukweli, lakini sifa ilikuwa tamu. Wenzake wakapiga na kuimba juu ya ngoma zile, wakihema kumfuata.

Tangu mwaliko ufike, hakukosa kisingizio. Leo mguu unauma, kesho pedali imelegea.

"Leo hatusikilizi hadithi," kaka alisema jioni moja, Jumamosi ikiwa imekaribia. "Tunapiga wimbo mzima."

Walianza. Walipofika sehemu ya mwisho, magitaa yalimwacha Nyundo nyuma. Wakarudia, akaachwa tena.

"Unatania?" kaka alifoka. "Watu wanakuja kukuona wewe!"

Maji yalikuwa yamemfika shingoni. Nyundo aliweka vijiti chini, akaanza kulia. "Ile kasi si yangu, kaka. Niliongeza kwenye kompyuta."

Kaka aliketi juu ya geti lililokuwa halijamalizika. "Umetufanya waongo mbele ya watu wote," alisema kwa sauti ndogo, na sauti hiyo ilimuumiza Nyundo kuliko kufokewa.

Twiga alikuna kichwa. "Mbona rahisi? Jumamosi tuwawekee watu ngoma zilizorekodiwa. Nyundo aigize tu, nani atajua?"

Shangazi, aliyekuwa akinawa mikono mlangoni, aligeuka kumtazama Nyundo. Wazo lile lilikuwa jepesi, na Nyundo aliona jinsi lingemwokoa. Lakini aliona pia wiki nyingine kama hii, na nyingine baada yake.

"Sitaki," alisema akijifuta machozi. "Nitapiga kwa kasi yangu. Na watu nitawaambia mwenyewe."

Mara Bubu akakohoa. "Afadhali," alisema. "Kasi ile ilikuwa inaniua. Nilikuwa sijui napumulia wapi."

Hata kaka alicheka. Wakaupiga wimbo upya, polepole, na ukatoka mzito, kila pigo likisikika kifuani.

Jumamosi ukumbi ulifurika. Nyundo alipiga moyo konde, akashika kipaza sauti. "Ngoma mlizosikia mtandaoni nilizikimbiza kwa kompyuta. Naomba radhi. Leo mtasikia mikono yangu."

"Rudisheni viingilio!" mtu alipaza sauti. Wengine walizomea, na wachache wakatoka. Nyundo akaketi nyuma ya ngoma, akahesabu nne kwa vijiti na wimbo ukaanza. Walipofika mwisho, waliobaki walikuwa wakitikisa vichwa kwa pamoja kufuata mdundo, wakapiga kelele wakitaka urudiwe.

Nje, wakipakia ngoma kwenye gari la shangazi, Nyundo bado alikuwa na dukuduku. "Shangazi, si uliwaona wale waliotoka?"

"Niliwaona. Wale walikuja kuisikiliza kompyuta. Waliobaki wamekusikiliza wewe." Shangazi alimshika bega. "Mwanangu, sifa ya uongo ni lazima uilinde kila siku. Wiki nzima hukula wala hukulala kwa ajili yake. Ukikosea, sema mapema, kabla uongo haujakuzidi nguvu. Na kama kasi ile unaitaka kweli, ifanyie mazoezi mpaka iwe yako."

"Nitaanza kesho," Nyundo alisema.

"Kesho, sawa. Sasa ingia garini."

Kaka alimpa mkate. Nyundo aliumaliza wote kwa pupa, na kabla gari halijafika kona ya kwanza, alikuwa amelala fofofo.