Salamu za Saa Nne

Walikutana kwenye foleni ya kusajili laini za simu, watu wamebanana, feni imegoma. Mkata vioo alimgusa bega dada mmoja wa gauni la njano, msusi kwa kazi yake.

"Samahani, umedondosha kalamu."

Dada akageuka. "Sauti hiyo umeiazima wapi?"

"Redioni. Natangaza Redio Vumbi, muziki wa kucheza mchana kutwa."

Ilikuwa kweli nusu. Redio Vumbi imo ndani ya mchezo wa video wa magari: ukipanda gari la mchezoni na kubonyeza kitufe, unamsikia. Alirekodi sentensi kumi na mbili kwa siku moja, miaka miwili nyuma, akarudi kukata vioo. Angesema siku ile ile, wangecheka yakaisha. Lakini mapenzi yalinoga, na kila alipotaka kusema aliahirisha hadi kesho.

"Mbona siipati redio yako?" msusi alimuuliza kwa simu.

"Mawimbi hayafiki huko kwenu, mpenzi. Ila kila saa nne asubuhi nakusalimu."

"Unasemaje?"

"Salamu kwa msusi wangu, asiyevumilia nywele mbaya wala maneno mabaya."

Msusi alicheka mpaka kitana kikamponyoka. Wiki iliyofuata alinunua redio, akapanda juu ya bati la saluni na kufunga waya mrefu wa kunasa mawimbi. Ikifika saa nne aliwanyamazisha wateja wote. Mkata vioo alipouona ule waya, alikosa hamu ya kula siku mbili.

Jumamosi moja alimpelekea chai kazini. Kwenye benchi, mwalimu wa hesabu alikuwa akisubiri zamu yake, anacheza na simu. Mara simu ikapaza sauti: "Hapa Redio Vumbi! Kaza mkanda, tikisa mabega!"

Vichwa viligeukia simu, kisha vikamgeukia yeye.

"Shemeji, kumbe ni wewe?" mwalimu alisema. "Mchezo huu nimeumaliza mara tatu. Maneno yako nayajua yote."

Msusi aliacha kusuka. "Salamu yangu imo?"

Mwalimu akainamisha kichwa.

"Haimo," alijibu mkata vioo. "Sijawahi kukusalimu hata siku moja. Niliona mkata vioo hatoshi kupendwa."

"Mimi nilipanda juu ya bati," msusi alisema polepole. "Hawa wateja ndio walionishikia ngazi."

Mkata vioo alitamani ardhi ipasuke immeze. Msusi akaizima redio, akatazama saa ya ukutani.

"Saa nne na dakika tano. Umechelewa. Haya, nisalimu."

Ile sauti nzito haikuja. Ilitoka nyingine, nyembamba, inayotetemeka. "Salamu kwa msusi wangu, asiyevumilia..."

"Hayo ni ya redio. Sema yako."

"Mimi ni mkata vioo. Nimekudanganya, naona aibu. Nakupenda."

Wateja walinyamaza kimya, kama walivyozoezwa kila saa nne. Msusi alifuta macho kwa kiganja.

"Nimesikia," alisema. "Ngazi iko nyuma. Kautoe ule waya, kisha urudi tunywe chai kabla haijapoa."